Umbo kwenye Mita Kumi na Saba

Karibu na stendi ya Kyela kuna chumba kimoja chenye mlango wa bati, na ndani yake, kwa miaka mingi sasa, anakaa mwanamke anayeitwa Tulinagwe, ambaye mjini wanamwita Fundi Tuli. Redio, amplifaya za makanisani, televisheni zilizochapwa na radi, simu zilizotumbukia kwenye majaruba ya mpunga, vyote hupita mikononi mwake. Radi ndiyo mteja wake mkubwa, maana mvua ya Kyela hainyeshi kimya. Yeye mwenyewe si msemaji. Mtu akimletea kitu kibovu na kuanza kueleza kilivyoanza kuugua, Tuli humsikiliza mpaka mwisho, halafu husema, "Kiache," na maongezi yanaishia hapo.

Alizaliwa Mwaya, mtoto wa kwanza wa mzee Ezra na mkewe Kisa, wakulima wa mpunga na kakao kama baba zao walivyokuwa. Nyuma yake walizaliwa watoto wawili ambao hawakuimaliza miezi yao ya kunyonya. Alipokuja wa nne, mvulana, na akapita umri ule uliowashinda wenzake, mama yake alimwita Aliko, yaani yupo. Tuli alimbeba mgongoni mpaka watu wakamtania kwamba mtoto ni wake. Na Aliko alipokua na kuanza kuukimbia mpunga, ni dada yake aliyemwambia aachane na jembe kama halimpendi, ajifunze injini. "Mikono yako inapenda grisi," alimwambia. "Nenda ziwani, injini za boti hazina mafundi." Aliko akaenda. Akawa fundi, halafu nahodha, akiendesha boti ya mbao ya kubeba mizigo kati ya Matema na vijiji vilivyobanwa chini ya milima ya Livingstone, kule ambako barabara haifiki.

Boti ile ilizama mwezi wa nne. Ilikuwa imepakia vyungu vya Kikisi kutoka Ikombe, vimepangwa kimoja ndani ya kingine na kutengwa kwa majani makavu ya migomba. Ndani walikuwa wawili tu, Aliko na rafiki yake Jubilate, kijana wa Makwale aliyekuwa akimsaidia kazi. Upepo wa mwera, ule wa kutoka kusini, ukawakuta katikati ya safari. Mawimbi yakaanza kuingia kwa nyuma, kwenye injini, na injini ikazimika. Jubilate alisimulia mambo haya akiwa amekaa chini kwenye uwanja wa mzee Ezra, blanketi la mtu mwingine mabegani, macho ameyaelekeza ardhini.

"Aliniambia nishike dumu la mafuta nisiliachie," alisema. "Nikamwambia na yeye ashike. Akasema anakuja, anaigusa tu injini mara moja. Boti ikashuka mkia, pua ikabaki juu kidogo. Halafu na pua ikaenda."

"Ulimwona akienda?" mzee Ezra aliuliza.

"Niliona mgongo wake, baba. Ameinama."

Vyungu vilitangulia kufika nchi kavu. Asubuhi baada ya boti kuzama watu wa Matema walivikuta vikielea karibu na mchanga, midomo juu, vingi havina hata ufa, na wanawake wakaviokota na kuvipanga kwa mstari bila kusema neno, maana walishajua vinatoka kwenye boti ya nani. Aliko hakufika. Walimtafuta kwa mitumbwi kando ya miamba, wakaenda mpaka kwenye mdomo wa mto, wakawauliza wavuvi wa mbali. Hakuna kilichopatikana, hata kiatu.

Msiba usio na maiti haujui pa kukaa. Watu walikuja Mwaya na mchele na ndizi kama inavyopasa, wanawake wakalia, wanaume wakakaa kwenye viti vya kuazima, lakini kila aliyetoa pole aliitoa nusu. Mama Kisa hakulia. Alikaa mlangoni akiwa amevaa viatu, na mtu alipomsihi alale kidogo ndani, alijibu kwamba anaweza kuitwa ghafla. Mzee Ezra alizungukazunguka kwenye kakao zake, akirudi na mikono mitupu. Wazee wa ukoo walianza kuongea kwa sauti ya chini kuhusu kuzika nguo badala ya mwili. Mama Kisa akawasikia.

"Nguo zake nitazifua mimi," alisema. "Nyie nileteeni mwenyewe."

Siku iliyofuata alikuja kutoa pole afisa uvuvi wa wilaya, bwana mmoja mrefu kutoka Kagera aitwaye Evodius, ambaye alikuwa amemzoea Aliko kwa mambo ya boti. Alikaa na wanaume, akanywa uji aliopewa, na alipoaga Tuli akamsindikiza hadi barabarani. Hapo ndipo Evodius alipotaja kile kifaa. Aliongea kama mtu anayejilaumu kwamba hana cha kutoa. Alisema ofisini kwake kuna kipima kina, kilichoachwa na mradi wa utafiti wa samaki uliokwisha zamani. Kilikuwa cha kufungwa ubavuni mwa boti. Kinapiga sauti chini, kinasikiliza mwangwi, kinajua chini ni umbali gani na kuna nini. "Lakini kioo chake kilipasuka," alisema. "Hakionyeshi kitu."

Tuli alisimama.

"Kioo ndicho kilichokufa," aliuliza, "au na kile kichwa kinachozamishwa majini?"

"Kichwa kizima. Ukikiwasha unakisikia kinagonga."

"Basi kinaongea, kaka Evodius. Hatuna tu wa kukisikiliza."

Chuoni Mbeya, alikosomea umeme na mitambo, Tuli alikuwa amefundishwa namna ya kutengeneza programu bila kuandika maneno mengi. Unachora. Kwenye skrini unaweka visanduku, kimoja cha kupokea, kingine cha kukata, kingine cha kujumlisha, kingine cha kuchora mstari, kisha unaviunganisha kwa nyaya za rangi, na habari inapita humo kama maji ya mfereji yanavyopita jaruba hadi jaruba. Aliipenda kazi ile kuliko kazi zote alizowahi kufundishwa. Kwa mtu asiyependa kusema, ilikuwa namna ya kufikiri kwa mikono. Dukani aliitumia mara chache tu, kupimia betri na chaja. Sasa aliifungua kompyuta yake mpakato juu ya meza ya Evodius, akakata kebo iliyokuwa ikienda kwenye kioo kilichopasuka, akalehemu plagi nyingine, akachomeka.

Namba zikaanza kumiminika. Kifaa kilikuwa kikituma kila kitu kwenye waya mmoja, namba moja nyuma ya nyingine, bila nafasi, bila kituo. Kwa asiyejua ilikuwa vurugu tupu. Tuli aliitazama vurugu ile, na baada ya muda akaona namba moja ikirudi kila baada ya hatua zilezile. Mia na sabini. Kisha nyingine chache, kisha mia na sabini tena.

"Hii ndiyo hodi yake," alimwambia Evodius. "Kila pakiti inaanza na hii. Zinazofuata ndizo ujumbe, na ya mwisho ni ya kuhakiki, kuona kama zote zimefika salama njiani."

Ujumbe wenyewe alikwenda kuutafuta Matema, kwenye maji. Evodius aliitoa boti ya ofisi, wakazamisha kile kichwa, na Tuli akawa anateremsha kamba yenye jiwe mpaka inagusa chini, anaipima kwa utepe wa mita, halafu anatazama kwenye skrini ni namba gani imebadilika. Hivyo akajua kina kimekaa wapi, na kwamba kinatumwa kwa vipande vya kumi kwa kila mita. Baada ya kina kulikuwa na namba nyingine iliyokaa palepale, haiyumbi, mia na ishirini na nne. Evodius akacheka kidogo, kwa mara ya kwanza tangu waanze. Ilikuwa nguvu ya betri ya boti, volti kumi na mbili nukta nne. Kifaa kilikuwa kikiripoti hata njaa yake.

Ikabaki ile namba ya mwisho, ya kuhakiki. Tuli alijua kuna kanuni ya kuipata: unazichukua zilizotangulia, unazijumlisha kwa namna fulani, na jibu lisipolingana na namba ya mwisho, unaitupa pakiti nzima. Alizijumlisha hivi, haikulingana. Alizijumlisha vile, haikulingana. Aliinua macho akamwona baba yake kwenye mchanga, amesimama peke yake ameshika kofia, na nyuma yake wanaume wa Mwaya na Matema waliokuja na kamba na kulabu. Walikuwa wamefika tangu alfajiri. Hakuna aliyemharakisha. Tuli alikiweka kile kisanduku cha kuhakiki pembeni ya skrini, hakukiunganisha na waya wowote. Atakiunganisha baadaye. Namba zilikuwa zinakuja vizuri, kina cha skrini kilikuwa sawa na kina cha kamba.

Wakaanza kwenda na kurudi mbele ya Ikombe, kuanzia ukingoni kuelekea mahali alipoonyesha Jubilate. Evodius alishika usukani, Tuli kompyuta ikiwa magotini chini ya mwavuli, Jubilate mbele, mzee Ezra katikati. Mstari wa sakafu ya ziwa ulijichora taratibu, ukishuka, ukishuka. Na kwenye mita kumi na saba ukaruka. Kitu kilisimama pale, ncha yake ikifika mita kumi na mbili hivi kutoka juu ya maji, kisha mstari ukarudi chini na kuendelea kama kawaida.

Tuli alisogeza uso karibu na skrini. Aliomba wapite tena. Kikasimama tena, palepale.

"Nini?" mzee Ezra akauliza. Alikuwa akiusoma uso wa binti yake, si skrini.

"Kuna kitu, Tata," alimjibu baba yake.

"Kinafananaje?"

"Kimesimama. Chembamba."

Evodius akasema polepole kwamba kwa boti ni kirefu sana kwenda juu. Lakini Jubilate alikuwa amegeuka, midomo imemkauka. "Ilizama mkia," alisema. "Injini ni nzito. Imechomeka chini, pua iko juu." Mzee Ezra akavua kofia. Wakapita mara ya tatu na umbo likawa palepale, jembamba, lenye ncha, na Tuli akahisi machozi yakimjia kwa mara ya kwanza tangu habari imfikie. Alifikiri, tumekupata. Alifikiri pia, lakini hili hakulisema kwa mtu, kwamba ni mimi niliyekupata.

Habari ilifika Mwaya kabla yao. Mama Kisa aliletwa na pikipiki mpaka Matema, na hapo ndipo alipolia, kilio kirefu cha mtu aliyeruhusiwa. Wanawake walimshika. Jeneza likaagizwa. Pale majini wanaume walifunga boya la dumu juu ya mahali penyewe, wakaanza kutupa kulabu. Walivuta, kulabu zikaja na matope. Walivuta, zikaja tupu. Walifanya hivyo mchana kutwa, na kesho yake wakafanya tena, zamu kwa zamu, viganja vikichubuka kwa kamba, na kila kulabu iliporudi tupu walisema imeteleza kwenye mbao.

Jubilate ndiye aliyesema atazama. Evodius alikataa, akasema kina kile si cha mtu asiye na mtungi wa hewa. Tuli pia alimwambia asubiri. Lakini kijana yule hakuwa amekula vizuri tangu alipotoka majini akiwa hai, na hakuna aliyekuwa na uwezo wa kumshika. Alikumbatia jiwe, akavuta pumzi, akashuka kwa kufuata kamba ya boya. Akapanda hana kitu, akasema giza. Akashuka tena. Alipopanda mara ya pili alikuwa ameshika sikio la kushoto, na damu ilikuwa inamtoka puani na katikati ya vidole. Alijaribu kukaa akaanguka upande, kama mlevi.

"Nimefika chini," alisema wakimvuta ndani ya boti. "Ni mchanga, dada. Mchanga mtupu."

Wakamkimbiza kwa daktari. Mzee Ezra akasema labda mkondo umeisogeza boti, na akamwomba Evodius wapite tena kando, kuelekea kwenye miamba, kuangalia imehamia wapi. Wakapita. Na kwenye mita kumi na saba, mbali kabisa na boya, mstari ukaruka. Umbo lilelile, jembamba, lenye ncha ileile ya mita kumi na mbili.

"Ndiyo hii," alisema mzee Ezra. "Imehama."

Tuli alitazama boya lililobaki nyuma. Aliomba waendelee na ukingo, wasiende ndani. Umbo likaja tena, mbele zaidi. Na tena. Kila mahali sakafu ya ziwa ilipokuwa mita kumi na saba, boti ya mdogo wake ilikuwa imesimama pale, ikimsubiri. Alirudi kwenye namba. Kifaa kilikuwa kinatuma kina kwa vipande vya kumi kwa kila mita. Mita kumi na saba ni vipande mia na sabini. Na mia na sabini ndiyo ilikuwa hodi.

Aliona kosa zima kwa mara moja, jinsi mtu anavyoona jengo zima gizani radi inapomulika. Kina kilipofika pale, namba ya kina ilivaa sura ya hodi, programu ikadhani pakiti mpya imeanza, ikaingia katikati ya sentensi, na kilichofuata ikakisoma kama kina. Kilichofuata kilikuwa betri. Volti kumi na mbili nukta nne, mita kumi na mbili nukta nne. Kitu ambacho watu walikuwa wakikitupia kulabu, kitu kilichomtoa mama yake machozi, kitu ambacho Jubilate alikifuata chini mpaka sikio likapasuka, kilikuwa betri iliyokaa miguuni pake ndani ya boti. Namba ya kuhakiki ingeikataa kila pakiti ya namna ile. Kisanduku chake kilikuwa bado pembeni ya skrini, peke yake, hakina waya.

Angeweza kusema mkondo umekuwa mkali. Baba yake alikuwa tayari kuamini hivyo, alikuwa ameshalisema mwenyewe. Tuli aliizima sauti ya kompyuta bila sababu, akaiwasha tena.

"Tata," alisema. "Hakuna kitu pale. Hakijawahi kuwepo."

Mzee Ezra alimtazama.

"Ni mimi. Nimeisoma mashine vibaya. Ilipotaja kina mimi nikasikia kitu kingine."

"Mara zote?"

"Mara zote."

Evodius aliipunguza injini mpaka ikabaki inanong'ona. Maji yalikuwa yanagonga ubavu wa boti. Mzee Ezra aligeuza uso kuelekea milimani, pale miamba inaposhuka wima na kuingia ziwani bila kuaga. Tuli alisubiri amgombeze. Angalau angemgombeza.

"Kijana wa watu sikio lake limekwenda," alisema mwishowe.

"Ndiyo, Tata."

"Na mama yako ameshaagiza jeneza." Akageukia kompyuta. "Unaweza kuitengeneza?"

Aliitengeneza palepale. Safari hii hakuiacha ile namba ya mwisho. Alijaribu kanuni moja baada ya nyingine akizitazama pakiti mojamoja, na jua lilipoanza kushuka nyuma ya Kyela aligundua kwamba hodi yenyewe haihesabiwi kwenye jumla. Ni hilo tu. Alivuta waya, akakiunganisha kisanduku, na pakiti za uongo zikaanza kudondoka zenyewe kama pumba kwenye ungo. Wakapita pembeni ya boya. Mstari ulishuka kwenye mita kumi na saba laini, bila kuruka. Akaifuta michoro yote ya mwanzo, ile yenye umbo, kwa haraka, kama mtu anayefuta kinyaa. Hakutaka kuiona tena.

"Sasa twende ndani," alisema mzee Ezra.

Wakaenda ndani. Chini ya milima ile ziwa haliteremki kwa ngazi, linadondoka. Mita arobaini. Mita themanini. Mia. Mstari uliinama mpaka ukawa kama ukuta. Walipofika mahali ambapo Jubilate alisema mawimbi yaliwazidi, kifaa kiliendelea kutuma, pakiti moja nyuma ya nyingine, hodi ikiwa sahihi, uhakiki ukiwa sahihi, kila kitu mahali pake, na kwenye nafasi ya kina palikuwa na sifuri.

"Inasema nini?" baba yake akauliza.

"Inasema imeita na haikujibiwa. Ni mbali kuliko inavyoweza kusikia."

"Na hiyo umeisoma sawasawa?"

Swali lilimchoma, lakini lilikuwa haki yake kuliuliza. "Nimeisoma sawasawa, Tata."

Mzee Ezra alitia kiganja chake majini, akakiacha humo boti ikisogea taratibu. Alisema maneno kwa Kinyakyusa, machache, ambayo Evodius hakuyaelewa na Tuli hakuyarudia kwa mtu yeyote baadaye. Kisha akamwambia Evodius, "Ndaga, asante, mwanangu. Tugeuze."

Walizika ovaroli lake la kazi na shati la Jumapili katika jeneza lililokuwa limeshalipiwa na ndugu. Mchungaji alisoma, kwaya ikaimba, udongo mwekundu ukarudishwa. Mama Kisa hakwenda kaburini. Alibaki jikoni akipepeta mchele, na wanawake waliobaki naye walisema hakuinua kichwa hata nyimbo zilipofika. Kwa Tuli hakusema neno baya. Hakusema neno lolote. Mtu akimpa Tuli chakula ampelekee, mama alikipokea na kuangalia pembeni.

Evodius alimwomba Tuli ile programu kwa ajili ya ofisi yake, akisema kwamba sasa imekuwa sahihi na kingo za ziwa zinahitaji kupimwa, boti zijue pa kupita. Tuli akampa, pamoja na kompyuta nzima. Alisema dukani hana kazi nayo. Evodius alimtazama kwa huruma, akamwambia kwamba kosa lile lingempata yeyote.

"Lilinipata mimi," alisema Tuli.

Jubilate sikio la kushoto halikurudi. Daktari alimwambia asikaribie tena kupiga mbizi, na yeye akaongeza kwamba hata boti hataki. Sasa anakausha kakao kwa shangazi yake Makwale, na akija Kyela mjini hupita dukani, anakaa kwenye benchi upande wa ukutani ili sikio zima lielekee kwenye meza ya kazi. Tuli anamwekea chai. Mara nyingi hawaongei. Siku moja Jubilate alimwambia, bila kuulizwa, kwamba hata lile umbo lisingeonekana yeye angezama tu, mahali pengine, siku nyingine, kwa hiyo dada asijibebeshe. Tuli alishukuru, lakini hakuamini, na yeye aliona kwamba haaminiwi, wakaendelea na chai.

Mpunga ulipoanza kuinamisha vichwa, Tuli alikwenda Mwaya kusaidia kuamia ndege. Mama yake alikuwa kwenye dungu, ameshika kamba yenye makopo. Tuli akapanda, akakaa pembeni yake. Ndege walikuja kwa kundi kutoka upande wa mto, mama Kisa akavuta kamba, makopo yakalia, kundi likapinda na kwenda kutua kwa jirani.

"Lile umbo," mama Kisa alisema, akiwa bado anawaangalia ndege. "Baba yako anasema lilikuwa limesimama."

Tuli alishika nguzo ya dungu. "Halikuwa yeye, mama. Ilikuwa mashine."

"Najua halikuwa yeye. Nimeambiwa. Nataka kuliona."

"Nililifuta."

"Lote?"

"Lote."

Mama Kisa aligeuka akamtazama binti yake usoni, kwa mara ya kwanza tangu kule Matema, na hakukuwa na hasira katika macho yale, kulikuwa na uchovu tu. "Ungeniachia," alisema. "Siku zile mbili nilikuwa najua alipo."

Kwa jirani makopo yalilia. Ndege walikuwa wanarudi. Mama yake alimpa upande mmoja wa kamba, akabaki na mwingine, na wakakaa hivyo wakivuta kwa zamu mpaka jua likawa kali na jirani akawaita wakale viazi.